Tairi Kwanza, Kalipa Baadaye

Nianze na hukumu, hoja zifuate: watu wengi wanaofunga breki kubwa kwenye magari yao ya replika hawazihitaji, na rimu kubwa wanazolazimika kununua baadaye ili breki hizo zipate pa kukaa ni gharama ya kujitakia. Nasema hivi nikiwa fundi, mzaliwa wa Tanga, ninayechuma riziki yangu katika gereji moja ya Coventry, Uingereza. Mji huu ulitengeneza baiskeli kabla ya kutengeneza magari. Jaguar zilikuwa zikitoka hapa, na AP Racing, kampuni inayotengeneza breki za magari ya mashindano, ipo hapa hapa. Ungedhani hakuna mtu wa Coventry anayenunua breki kwa kutazama rangi. Wapo, na baadhi yao ni wateja wangu.

Gari lenyewe ni Cobra. Kwa asiyelijua: Carroll Shelby alikuwa dereva wa mashindano kutoka Texas, na mwaka 1959 alishinda mbio za Le Mans akiendesha Aston Martin. Moyo ulipomsumbua akaacha mashindano, akageukia kutengeneza magari. Aliwaendea AC Cars wa Thames Ditton, kusini-magharibi mwa London, waliokuwa wakitengeneza kigari chepesi kiitwacho Ace, akawaomba wampe bodi na chesi aweke injini ya Kimarekani. Ford wakampa V8 yao ndogo. Gari la kwanza lilikamilika mwaka 1962, na baadaye likaja lile lenye injini ya lita saba, madigadi yamevimba na mdomo uko wazi, ambalo ndilo watu wengi huliwaza wanaposikia jina la Cobra. Yote kwa pamoja yalitengenezwa takriban elfu moja tu. Lile la kwanza kabisa liliuzwa kwenye mnada huko Monterey, California, mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75.

Kwa bei hiyo, mtu wa mshahara anajijengea lake. Bodi ni ya faibaglasi, chesi ni ya mabomba ya chuma, na viungo vya ndani vinatoka kwenye gari jingine. Marekani, Factory Five wa Wareham, Massachusetts, walijenga jina lao kwa kutumia viungo vya Ford Mustang. Hapa Uingereza wengi walichinja Ford Sierra au Jaguar XJ6. Sisemi vibaya, gari la kuchinjwa ndilo linaloamua mambo mengi yanayofuata, na mojawapo ni breki.

Sasa tazama Jaguar XJ6 ilivyokuwa. Ni saluni ya tani moja na robo tatu hivi, ya kubeba waheshimiwa watano na mizigo yao kwenye barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Breki zake za mbele ni diski za milimita 284 zenye matundu ya kupitisha hewa, na kalipa ya pistoni nne. Zote hizo zimekaa ndani ya rimu ya inchi 15. Nyuma ni ajabu zaidi: diski hazimo kabisa ndani ya magurudumu. Tangu E-Type ya mwaka 1961, Jaguar walizibana katikati ya gari, zikagusana na difu, ili gurudumu libaki jepesi. Fundi anayezibadilisha pedi hizo hutukana kwa lugha zote anazozijua, lakini kwa habari ya rimu ni neema, maana huko nyuma hakuna kalipa ya kugombana nayo.

Ukivichukua viungo hivyo na kuviweka chini ya Cobra ya faibaglasi, umeondoa zaidi ya nusu tani. Breki zilizoweza kuisimamisha saluni ile sasa zina kazi ndogo kuliko ile zilizopewa na wahandisi wao. Hapo ndipo mteja wangu mmoja, mstaafu mwenye pensheni nzuri na subira ndogo, alipokuja na boksi. Ndani mlikuwa na diski za milimita 330 na kalipa nyekundu za pistoni sita. Nikamuuliza zile za Jaguar zilimkosea nini. Akasema hazikumkosea, ila hizi mpya anataka zionekane kupitia matundu ya rimu.

Jibu lile nililiheshimu kwa ukweli wake. Wengi hawasemi hivyo, wanasema usalama. Na mtu akishatamka usalama, nani atamwambia apunguze breki?

Basi tuzungumze usalama. Gari halisimamishwi na kalipa. Kalipa inabana diski, diski inakataza gurudumu kuzunguka, lakini kinachokamata barabara ni tairi. Kama breki zako tayari zina nguvu ya kulifunga gurudumu mpaka tairi liserereke, umefika mwisho wa uwezo wa tairi hilo. Pistoni sita hazitalifanya likamate zaidi; zitalifunga mapema zaidi, kwenye gari ambalo kwa kawaida halina ABS wala mfumo wowote wa kukuokoa na mguu wako mwenyewe.

Diski kubwa ina faida ya kweli moja, nayo ni joto. Kusimama ni kugeuza mwendo kuwa joto, na nguvu ya mwendo hukua kwa mraba: gari likienda 100 lina nguvu mara nne ya likienda 50. Sufuria kubwa ya maji huchelewa kuchemka, na diski nzito huchelewa kuiva kwa namna hiyo hiyo. Kwenye uwanja wa mashindano, dereva anayekanyaga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache kwa nusu saa, diski ndogo itachoka, pedi zitaanza kunuka na pedali italainika. Huyo nampa diski kubwa bila ubishi. Lakini mstaafu wangu anakwenda kunywa chai kijijini siku ya Jumapili, jua likiwaka. Hajawahi kuichosha breki, na kwa mwendo wake hataichosha.

Kuna pia gharama ambayo haionekani kwenye picha. Kalipa yenye pistoni nyingi na pana inakunywa mafuta mengi zaidi ya breki kabla haijabana. Masta silinda ikibaki ile ile, pedali inashuka mbali. Ukiweka masta silinda kubwa, pedali inakuwa ngumu kama huna sevo. Na ukiongeza nguvu mbele bila kugusa nyuma, umeharibu mizani: mbele inafanya karibu kila kitu, nyuma inasindikiza. Hapa Uingereza gari la kujijengea halipati namba ya usajili mpaka lipite ukaguzi uitwao IVA, na breki hupimwa pamoja na uwiano wake. Magurudumu ya mbele lazima yawe ndiyo ya kwanza kufunga. Aliyekwenda upande wa pili, akakuza za nyuma ili zifanane na za mbele kwa sura, hafaulu, na hastahili kufaulu.

Haya, tuseme mtu amesikia yote haya na bado anazitaka. Pesa ni zake. Tatizo linalofuata ni hesabu, na hesabu haina upendeleo.

Rimu ya inchi 15 ina kipenyo cha milimita 381, lakini hicho ni kipenyo cha pale linapokalia tairi. Ndani yake kuna unene wa chuma, na kuna lile bonde linalozunguka rimu yote, ambalo liliwekwa ili tairi liweze kuvishwa na kuvuliwa. Ondoa hayo, unabaki na milimita 340 au 350, kutegemea rimu. Diski ya 330 yenyewe inaingia, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Diski haiendi peke yake. Kalipa imeikumbatia kwa juu, na mgongo wake unapanda kama milimita 25 nje ya ukingo wa diski. Chukua nusu ya 330, yaani 165, ongeza 25, unapata 190. Zidisha kwa mbili: unahitaji tundu la milimita 380 ndani ya rimu yenye 345. Haitaingia leo wala kesho. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa diski ya Jaguar ya 284: unapata 334, na inapita, kwa nafasi ya kidole chembamba. Wale waliochora XJ6 hawakubahatisha.

Hapo mtu ananunua rimu za inchi 17 na kudhani ameshamaliza. Amemaliza nusu. Nafasi inayohitajika iko pande mbili: kati ya mgongo wa kalipa na ukuta wa rimu, na kati ya uso wa kalipa na mgongo wa spoku. Ya kwanza inaandikwa kwenye tangazo la kuuzia rimu, kwa sababu inchi ni inchi. Ya pili haiandikwi popote.

Kalipa nyingi za kiwandani ni za kuteleza: pistoni ziko upande wa ndani tu, na upande wa nje kuna mkono mwembamba unaovuta pedi. Kalipa za kujitafutia, hizi za pistoni nne na sita, ni tuli: zina pistoni pande zote mbili za diski. Maana yake nusu ya kalipa, na unene wake wote, imetokeza nje kuelekea kwenye spoku. Unaweza kuwa na diski yenye ukubwa ule ule wa zamani, rimu ile ile iliyokuwa inazunguka bila shida, na ukifunga kalipa mpya gurudumu halikai kwenye habu.

Muuzaji atakutajia ofseti. Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati ya rimu mpaka pale inapobanana na habu, na Wazungu huipima kwa milimita. Wamarekani wana desturi yao: wanalaza rimu, wanapima kwa inchi kutoka ukingo wa ndani mpaka pale inapobanana na habu. Vyote viwili vinakueleza rimu itakaa ndani kiasi gani, kama itagusa mkono wa sispensheni au itatokeza nje ya madigadi. Hakuna hata kimoja kinachokueleza spoku imepindaje. Nimeshika rimu mbili za upana mmoja, kipenyo kimoja na ofseti moja; moja ilipita juu ya kalipa bila wasiwasi kwa sababu spoku zake zilitoka nje kwanza kisha zikarudi ukingoni, nyingine ikaigonga kalipa kwa sababu spoku zake zilikuwa bapa. Na rimu wanazozipenda watu wa Cobra, za mtindo wa Halibrand, zile za magnesi zilizokuwa kwenye magari ya mashindano ya miaka ya sitini, nyingi ni bapa. Mitindo ya zamani haikuwazia kalipa za leo.

Dawa yake ni ya bei rahisi mno, nadhani ndiyo maana watu wanaidharau. Watengenezaji wazuri wa breki, AP Racing na Wilwood wa California miongoni mwao, hutoa mchoro wa kalipa zao wenye vipimo vyote. Chapisha mchoro huo kwa ukubwa wake halisi, ubandike kwenye kadibodi ngumu, ukate kwa mkasi. Laza rimu kifudifudi, weka kadibodi yako kuanzia pale rimu inapobanana na habu, izungushe ndani mduara mzima. Ikigusa mahali, umeokoa pesa zako. Kama kalipa unayo tayari, chukua udongo laini wa watoto wa shule wa kuchezea, bandika vipande mgongoni na usoni mwa kalipa, funga rimu, izungushe taratibu kwa mkono, kisha ivue uone udongo umebaki na unene gani.

Milimita tatu ndiyo kiwango changu cha chini, na moyo wangu hutulia kwenye tano. Watu hubisha, wanasema mbona haigusi. Haigusi ikiwa juu ya jeki, haina mzigo, tena bado haijabalansiwa. Vile vipande vya uzito vya kubalansi siku hizi hubandikwa ndani ya rimu, na mara nyingi hubandikwa pale pale kalipa inapopita. Beringi ina mchezo wake mdogo. Rimu yenyewe hujikunja kidogo kwenye kona kali. Kokoto ndogo ikinasa kati ya kalipa na rimu, itachora mstari mzuri wa mviringo ambao utaulipia. Kwa hiyo baada ya udongo, shusha gari chini, weka watu wawili wazito kwenye viti, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na mwisho kushoto, na mtu mwenye tochi aangalie.

Mstaafu wangu hakuja kupima. Alikuja na rimu za inchi 17 alizozinunua kwa mtu, zimetoka kwenye BMW, akiwa na furaha kwa sababu ni za matundu matano na kipimo cha mduara wa matundu hayo ni milimita 120. Habu zake za Jaguar ni 120.65. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu na halipendi, kama nusu milimita na kidogo inaweza kumdhuru mtu. Inaweza. Nati ya kwanza itakaza, ya pili itakaza, ya tatu itavuta bolti ikae upande, na rimu itakuwa imekaa kwenye habu kwa kulazimishwa. Bolti inayovutwa upande kila gurudumu linapozunguka huchoka, na chuma kikichoka hakitoi taarifa. Nilikataa kuzifunga. Aliondoka amenuna, akarudi, na sasa ni rafiki yangu, ingawa kalipa zake nyekundu bado hatujaafikiana.

Kabla hajarudi, mtu mwingine alimshauri spesa. Hapa nataka kusema kwa sauti, maana ugonjwa huu uko kila mahali. Spesa ni kipande cha bamba kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kuisukuma rimu nje. Inaweza kuondoa mgongano wa spoku na uso wa kalipa. Haiwezi, hata uweke unene gani, kuondoa mgongano wa ukuta wa rimu na mgongo wa kalipa, kwa sababu haiongezi kipenyo. Nusu ya wanaonunua spesa hawajui wanaugua ugonjwa gani kati ya hayo mawili.

Na hata pale inapofaa, ina masharti. Bolti haikurefuka kwa sababu umeongeza bamba. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike nyuzi kwa urefu usiopungua unene wa bolti. Bolti ya Jaguar ya nusu inchi ina nyuzi 20 kwa kila inchi, kwa hiyo nati izunguke mara kumi kabla haijakaza. Hesabu kwa mdomo unapoizungusha. Ukifika sita ikagoma, hilo gurudumu halijafungwa. Halafu rimu nyingi huketi kwenye kitovu cha habu kilichotokeza katikati. Spesa nene ikikizika kitovu hicho, mzigo wa kuiweka rimu katikati unabaki kwa bolti peke yake, na usukani unaanza kutetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu. Mwisho, tairi linatoka nje ya madigadi. Wakaguzi wa IVA wanataka madigadi yafunike upana wa tairi kuanzia digrii 30 mbele ya katikati ya gurudumu mpaka digrii 50 nyuma yake. Ujerumani ni wakali zaidi. Hata spesa yenyewe lazima iwe na karatasi zake.

Wapo pia wanaosaga kalipa kwa grainda ili ipite. Hao sina la kuwaambia zaidi ya kuomba wasiegeshe karibu na shule.

Nimesema mengi dhidi ya rimu kubwa, na haki inanitaka niseme la upande wa pili. Sababu nzuri ya kwenda inchi 17 ipo, nayo ni tairi. Mtu anayetaka sura ya Cobra ya zamani huishia kwenye 235/60R15 mbele na 275/60R15 nyuma, yenye herufi nyeupe ubavuni. Ni tairi zuri kwa macho, lakini lile maarufu kuliko yote la aina hiyo, Radial T/A la BFGoodrich, lina alama ya S, yaani halikuidhinishwa kuzidi kilomita 180 kwa saa, na ubavu wake mrefu hulegea kwenye kona. Tairi la kisasa la spoti lenye upana unaofaa, kwa inchi 15 ni la kutafuta kwa tochi. Kwa inchi 17 unachagua unavyotaka. Na gari halibadiliki kimo: 235/60R15 lina kipenyo cha milimita 663, 255/45R17 lina 661. Spidomita haitajua hata kama umebadilisha.

Kwa hiyo ukitaka Cobra yako isimame katika umbali mfupi zaidi, pesa yako ya kwanza iende kwenye tairi. Tairi likikamata zaidi, ndipo breki za Jaguar zitaanza kufanya kazi ya kweli, na ndipo utajua kama zinatosha. Mara nyingi pedi bora, mafuta mapya ya breki na mipira iliyosukwa kwa waya wa chuma hutosha. Zisipotosha, sasa una rimu ya inchi 17 na nafasi ya kuchagua diski ya milimita 300 au 310 iliyopimwa kwa kadibodi. Mpangilio huo, tairi kisha rimu kisha kalipa, haujawahi kunikosesha mteja.

Mwenye Mercedes ya kazini au Bajaji ya biashara atauliza haya yanamhusu nini. Namjibu kwa sauti ya mpwa wangu wa Dar es Salaam, ambaye hana Cobra na hataki. “Shikamoo mjomba,” alisema kwenye ujumbe wake, “nimepata breki za Brembo za Subaru STI, nataka kuzifunga kwenye Impreza yangu, na jamaa wa Gerezani anasema rimu zangu za inchi 16 zitapita nikiweka spesa tu.” Marahaba, mwanangu, na huyo jamaa anakuuzia spesa. Diski ya mbele ya Brembo ya STI ni ya milimita 326. Subaru wenyewe waliiwekea rimu ya inchi 17, na hawakufanya hivyo kwa urembo. Mgongano wako uko kwenye ukuta wa rimu.

Na hapo ndipo mitego ya Cobra inapohamia Gerezani na Kirinyaga Road ya Nairobi bila kubadilisha nguo. STI za mwaka 2004 kurudi nyuma zina matundu matano kwa kipimo cha 100. Kuanzia 2005 ni 114.3, sawa na Toyota nyingi, Mark X ikiwemo. Kijana mwenye STI mpya kidogo anaona rimu za Mark X zinaingia kwenye bolti, anafurahi. Lakini tundu la katikati la Toyota ni milimita 60.1, na kitovu cha Subaru ni 56.1. Pengo hilo linahitaji pete ya kujazia, ambayo ni ya bei ndogo na hakuna anayekuambia. Nati nazo zinafanana kama mapacha: zote ni za milimita 12, ila nyuzi za Toyota zina nafasi ya 1.5 na za Subaru 1.25. Ukilazimisha nati ya Toyota kwenye bolti ya Subaru kwa spana ndefu itaingia, ikiwa imeshakula nyuzi, na itakaa pale mpaka siku itakapochagua yenyewe.

Rimu za mtumba kutoka Japani zina fadhila moja: zinaeleza habari zake. Geuza rimu, futa vumbi la breki kwa kitambaa, soma mgongoni mwa spoku. Utakuta upana, kipenyo na ofseti vimechorwa, na alama ya JWL inayoonyesha imetengenezwa kwa kiwango cha Japani. Isiyo na chochote nyuma, yenye rangi mpya inayong'aa mbele, muulize muuzaji imechomelewa wapi.

Kisha mwombe akuruhusu uipachike kwenye habu ya gari lako, kalipa ikiwa mahali pake, uizungushe kwa mkono kabla hujalipa. Akikataa, mwachie rimu zake.